Dirisha linalodandia kibodi ukiwa katikati ya kuandika: nani anaamua herufi ziende wapi?

#1 FundiMakole

Wakuu, salaam.

Nimeona jambo hili lipewe uzi wake, maana hapa Makole naletewa kompyuta na lalamiko lilelile: "Fundi, kibodi imechizika, naandika huku maneno yanatokea kule." Kibodi nzima kabisa. Tatizo liko kwenye sehemu ya mfumo ambayo watu hawaifikirii mpaka iwaumize.

Kuna stationery moja upande wa stendi, na kipindi hiki cha Bunge la bajeti foleni haikatiki. Dada anachapa barua ya mteja, macho yako kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono, maana mchapaji mzoefu haangalii skrini. Katikati ya sentensi kinaruka kidirisha cha printa kuuliza kama kazi zilizokwama zifutwe, na jibu la "Ndiyo" ndilo limechaguliwa tayari. Yeye anabonyeza kitufe cha nafasi ili aanze neno linalofuata. Kwenye kidirisha, kitufe cha nafasi maana yake ni "bonyeza kilichochaguliwa". Kurasa za mteja aliyetangulia zikafutika kwenye foleni ya printa, na dada hakukiona hata hicho kidirisha, kilikuja na kuondoka ndani ya kufumba na kufumbua.

Lipo baya zaidi. Mteja ameinamia kibodi anaandika neno lake la siri, programu ya kuchati inajileta mbele, nusu ya neno la siri inaingia kwenye ujumbe, na Enter inautuma. Hapo suala limeshatoka kwenye usumbufu.

Tuwekane sawa kwanza. Madirisha kwenye skrini yanaweza kuwa ishirini, lakini kibodi ni moja na kila herufi inakwenda mahali pamoja tu. Haki ya kupokea herufi ndiyo naiita fokasi. Dirisha kuwa juu ya mengine ni jambo la pili. Dirisha kuwa hai, yaani lile ambalo mfumo unalionyesha kwa rangi iliyokolea kwamba ndilo unalolifanyia kazi, ni jambo la tatu. Kwa kawaida haya matatu yanatembea pamoja, ndiyo maana watu wanayaona kitu kimoja, lakini yanaweza kutengana na wakati mwingine inafaa yatengane.

Anayeyaamua ni msimamizi wa madirisha. Kwenye Linux kila mazingira ya kazi yana wake: KDE ina KWin, GNOME ina Mutter, Xfce ina xfwm4, na kwenye Windows kazi hiyo imo ndani ya mfumo wenyewe. Fikiria mkutano wa kijiji wenye kipaza sauti kimoja: wanaotaka kusema ni wengi, mwenyekiti ndiye anayekigawa. Mimi nataka tujadili mwenyekiti huyu anagawa kwa kigezo gani, maana kigezo kipo, na kikifuatwa vizuri yale ya stationery hayatokei.

#2 Chimwaga_04

Shikamoo Fundi. Nasoma hapa UDOM, mambo ya programu. Swali langu ni rahisi: kwa nini mfumo usikatae tu kila dirisha jipya? Lifunguke nyuma, nikilitaka nitalibofya mwenyewe. Tatizo si limekwisha?

#3 FundiMakole

Marahaba kijana.

Inawezekana, na KWin ina kiwango hicho. Ina viwango vitano vya kuzuia kudandia, na cha tano hakiruhusu dirisha lolote kuamka mpaka ulibofye mwenyewe. Jaribu kukaa nacho asubuhi moja. Unafungua kikokotoo, unaanza kuandika namba, namba zinaingia kwenye barua uliyoiacha nyuma. Umefukuza dirisha lisiloitwa, sasa hata uliloliita haliitiki.

Kwa hiyo swali la haki siyo "jipya au la zamani". Swali ni: mtumiaji aliliomba lini, na tangu aliombe amegusa nini kingine?

Chukua mfano. Unabofya programu ya mahesabu. Kompyuta ni ya siku nyingi, diski inasaga. Baada ya sekunde 3 unachoka kusubiri, unarudi kwenye barua na kuendelea kuandika. Sekunde ya 11 programu inafunguka. Ombi lake ni la sekunde ya 0, herufi yako ya mwisho kwenye barua ni ya sekunde ya 10. Herufi ni mpya kuliko ombi, kwa hiyo barua inabaki na kibodi, na programu inafunguka nyuma huku jina lake likionyesha kwenye mstari wa chini kwamba linakuhitaji. Lakini kama baada ya kubofya ulikaa unasubiri bila kugusa chochote, inapewa kibodi palepale. Dirisha ni lilelile na kompyuta ni ileile, majibu yanatofautiana kwa sababu ya ulichofanya wewe katikati.

Kwenye X, yaani mfumo wa siku nyingi unaoendesha madirisha kwenye Linux, hili limeandikwa kabisa. Dirisha linabeba sifa inayoitwa `_NET_WM_USER_TIME`, yaani muda wa mara ya mwisho mtumiaji alipoligusa, kwa milisekunde za saa ya seva ya X, ile programu inayoshika skrini, kibodi na mausi. Msimamizi analinganisha muda wa dirisha jipya na wa dirisha hai. Programu ikiandika sifuri pale, inasema yenyewe: nikifunguka msinipe kibodi. Programu ya kukumbusha ratiba au kutangaza kwamba faili limemaliza kushuka ingepaswa kuandika hivyo siku zote.

Jambo dogo kwa wanaopenda undani: namba hiyo ni ya biti 32, hivyo inarudi mwanzo kila baada ya siku 49 na ushee. Msimamizi aliyeandikwa ovyo, kwenye mashine isiyozimwa miezi miwili, ataona herufi ya sasa hivi kuwa ya kale kuliko ya juzi.

#4 Zabibu_Nyekundu

Mkuu Fundi, nakuheshimu ila mimi kilio changu ni kinyume kabisa. Nabofya kiungo kwenye barua pepe, kivinjari kinabaki nyuma. Naletewa taarifa juu ya skrini kwamba dirisha liko tayari. Najua liko tayari! Mimi ndiye niliyeliita! Hizi kinga mnazozisifia zinatusumbua sisi tunaofanya kazi haraka. Heri zamani, dirisha likifunguka linakuja mbele, mambo yanaendelea.

#5 FundiMakole

Kilio chako na cha yule dada ni ugonjwa mmoja, mkuu. Tazama safari ya kiungo chako.

Ulipobofya, mfumo ulijua muda hasa wa kubofya. Programu ya barua pepe inatakiwa imkabidhi anayefuata huo muda. Kwenye X kuna utaratibu wake: anayezindua programu anatengeneza kitambulisho chenye muda ndani yake na kukipitisha kwa jina la `DESKTOP_STARTUP_ID`. Programu mpya ikizaliwa, inakisoma na kukibandika kwenye dirisha lake, na msimamizi anaona: huyu ameombwa sasa hivi na mtumiaji mwenyewe, apite.

Sasa kivinjari chako kilikuwa kimeshafunguliwa tangu asubuhi. Kilichozaliwa ulipobofya ni kijiprogramu kidogo kinachokwenda kukiambia kile kivinjari cha asubuhi "fungua ukurasa huu", kisha kinakufa. Kikifa bila kukabidhi kitambulisho, kivinjari kinapiga hodi kwa msimamizi na muda wa mara ya mwisho ulipokigusa, labda nusu saa iliyopita. Msimamizi akitazama anaona ombi la nusu saa iliyopita mbele ya herufi ya sasa hivi. Anakataa. Amefuata kanuni sawasawa, aliyeharibu ni aliyedondosha ushahidi njiani.

Ndiyo maana sikubaliani na dawa ya "heri zamani". Ukiizima kinga, kiungo chako kitakuja mbele, ni kweli, na kidirisha cha printa nacho kitakuja mbele. Dawa ni programu zikabidhiane ushahidi kwamba mtumiaji ndiye aliyeomba.

#6 NzuguniDev

Wakuu habari. Mimi naandika programu kwa ajili ya kula, niongezee upande wa waandishi, maana Fundi amekuwa mpole kwetu.

X11, yaani hiyo X anayoitaja Fundi, ilitoka MIT mwaka 1987, na tangu mwanzo programu yoyote iliruhusiwa kuiambia seva "nipe fokasi" kwa wito wa `XSetInputFocus`. Wito huo unadai muda. Seva inakataa muda ulio nyuma ya badiliko la mwisho la fokasi, au ulio mbele ya saa yake yenyewe. Kinga ilikuwepo tangu zamani! Lakini kuna thamani ya `CurrentTime`, yaani "sasa hivi", na mwandishi mvivu anaiweka hiyo kwa sababu haihitaji kutafuta muda wa kweli. Ukisema "sasa hivi" hakuna wa kukupinga, umeshinda kila aliyekuja na muda wake halisi. Mwongozo wa ICCCM, ambao ndio unaosema programu na msimamizi waishi vipi, unakataza jambo hili kwenye fokasi. Watu hawausomi.

Mwongozo huohuo unagawa programu mafungu manne. Lipo fungu lisilotaka kibodi kabisa. Lipo linalosubiri kupewa na msimamizi, na programu nyingi za kawaida ziko hapo. Lipo linalosubiri kupewa kisha linaihamisha lenyewe kati ya madirisha yake ya ndani. Na lipo linalotaka kuombwa tu, kwa ujumbe wa `WM_TAKE_FOCUS`, halafu lenyewe linaamua kama lichukue. Alama mbili tu zinatosha kulitambua fungu: kama dirisha limesema linahitaji kuingiziwa herufi, na kama linaelewa ujumbe huo.

Mfano wa kwa nini ni muhimu: kibodi ya skrini, ile ya kubofya herufi kwa mausi. Inatakiwa iwe fungu la kwanza. Ikikosewa ikawekwa fungu la pili, ukibofya herufi "a" fokasi inahamia kwenye kibodi yenyewe, na "a" haina tena dirisha la kuandikwa. Nimeshaona ikitokea kwenye mashine ya mgusano ya kupokelea wateja, watu wanagonga herufi weee, hakuna kinachotokea.

Halafu kuna uongo wa wazi. Programu ikitaka kuamshwa, inamtumia msimamizi ujumbe wa `_NET_ACTIVE_WINDOW` na kujitambulisha: 1 kama ni programu ya kawaida, 2 kama ombi limetoka moja kwa moja kwa mtumiaji, mfano amebofya kwenye mstari wa chini. Anayejitambulisha kwa 2 anaheshimiwa zaidi. Hakuna anayehakiki. Amri ya kuamsha dirisha, `xdotool windowactivate`, inatuma 2, na hiyo ni sawa kwa sababu wewe ndiye unayeiamuru, lakini nimekuta programu za biashara zinatuma 2 ili tangazo lao lionekane. Huo ni ukorofi, na sioni neno laini la kuuita.

#7 DadaChapa_Nkuhungu

Kaka zangu, nimesoma yote na nimeelewa kisa kwa sababu kimenipata, ingawa mafungu manne yamenipita. Mimi nina mashine mbili dukani. Moja Windows, nyingine ni ya zamani nimewekewa Linux yenye Xfce. Zote zinadandiwa. Nifanye nini leo, wateja wasije kuona aibu zangu?

#8 FundiMakole

Dada, tuanze na Windows.

Tangu Windows 98 na Windows 2000, programu iliyo nyuma hairuhusiwi kujileta mbele wakati unatumia nyingine. Ikijaribu, inaishia kumetameta kwenye mstari wa chini. Kuna muda wa kufuli, milisekunde 200,000, yaani sekunde 200 baada ya mguso wako wa mwisho. Ukiwa unachapa, kufuli halifunguki. Kwa hiyo kama mashine yako inadandiwa na programu za pembeni kila saa, angalia kwanza kama kufuli bado lipo. Fungua dirisha la amri, andika:

`reg query "HKCU\Control Panel\Desktop" /v ForegroundLockTimeout`

Jibu zuri ni `0x30d40`, ambayo ndiyo 200,000. Ukiona `0x0`, kufuli limeondolewa. Programu za "kuharakisha kompyuta" zina tabia ya kuligusa. Lirudishe hivi, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena:

`reg add "HKCU\Control Panel\Desktop" /v ForegroundLockTimeout /t REG_DWORD /d 200000 /f`

Kuna mambo ambayo kufuli halizuii. Programu unayoitumia wakati huo inaweza kufungua kidirisha chake chenyewe, na inaweza kuiruhusu nyingine ipite. Kuna pia mlango wa kitufe cha Alt: kikibonyezwa, kufuli linalegea, na wapo waandishi wanaojibonyezea Alt ya bandia ili wapite. Kwa hiyo ujumbe wa printa uzime kwenye mipangilio ya printa yenyewe, kwenye sehemu ya taarifa na tahadhari. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli kwa kazi yako, dada, kuliko yote niliyoandika juu.

Kwenye Xfce, kinga ipo ila mashine nyingi ninazozifungua naikuta imezimwa. Iko kwenye marekebisho ya ziada ya msimamizi wa madirisha, ukurasa wa fokasi. Au kwa amri moja:

`xfconf-query -c xfwm4 -p /general/prevent_focus_stealing -n -t bool -s true`

Ukurasa huohuo unauliza dirisha likijinyanyua lenyewe lifanywe nini: liletwe ulipo, upelekwe lilipo, au lisifanywe chochote. Chagua la mwisho. Hakuna kinachomvuruga mchapaji kama kuhamishwa eneo zima la kazi akiwa katikati ya aya.

Wa GNOME watakuta `focus-new-windows` yenye `smart` na `strict`. Wengi wanaweka `strict` wakitegemea makubwa. Hiyo inahusu madirisha yaliyozinduliwa kutoka teminali, yaani dirisha la amri la Linux, tu. Wa KDE wapandishe kiwango kutoka cha chini kwenda cha kati. Tofauti yake inaonekana kwa programu zisizoleta muda wowote: cha chini, KWin ikishindwa kuamua, inaziruhusu.

#9 MzeeWaKondoa

Vijana hamjambo. Mimi nimestaafu, natunza kumbukumbu za ushirika wetu, na niseme jambo ambalo hamjaligusa. Ninyi wote mnadhani fokasi lazima ije kwa kubofya. Mimi sibofyi. Dirisha lililo chini ya mausi ndilo linalopokea herufi, na haliji juu mpaka nitake.

Faida yake ni hii. Nafungua skani ya muhtasari wa kikao, kubwa, imejaza skrini. Jedwali ninaloandikia liko nyuma yake, nimeacha safu mbili tu za chini zikionekana. Naweka mausi kwenye hizo safu, naandika, na skani inabaki juu yote mbele ya macho yangu. Kwa kubofya, kila nikigusa jedwali linapanda na kufunika ninachokisoma. Kwa skrini ndogo kama yangu, kazi ya kunakili bila mpangilio huu ni mateso.

#10 Zabibu_Nyekundu

Shikamoo mzee wangu. Si inachanganya? Mausi ikisogea kidogo tu kwa kiwiko, herufi zimeshahama.

#11 MzeeWaKondoa

Marahaba. Ndiyo, ina adabu zake. Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kali: mausi ikitoka kwenye dirisha na kwenda kwenye eneo tupu, dirisha linapoteza kibodi. Ya pili ni ya upole: dirisha linabaki na kibodi mpaka mausi iingie dirisha jingine. Mimi natumia ya upole. Kwenye GNOME ni:

`gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences focus-mode 'sloppy'`

Na kuchelewesha kidogo kunasaidia, Xfce ina sehemu ya kuweka muda huo. Nikimaliza kupanga madirisha, mausi naisukuma pembeni, naiacha. Kama dukani kwa Dada watu wanakuja kuegemea meza, siwezi kumshauri.

#12 NzuguniDev

Mzee shikamoo, na nakubaliana na wewe kwa kazi ya kunakili. Niongeze kitu kimoja kinachowashangaza watu: gurudumu la mausi halifuati fokasi kwenye X. Matukio ya mausi yanakwenda kwenye dirisha lililo chini ya mausi, hata kama kibodi iko kwingine. Kwa hiyo hata anayebofya anaweza kusogeza skani kwa gurudumu bila kuipa kibodi. Windows ilikuja kuweka tabia hiyo kama ya kawaida kwenye Windows 10.

Mahali ambapo mpangilio wa mzee unampa msimamizi kazi ngumu ni dirisha likifungwa. Kwa wanaobofya jibu ni jepesi: kidirisha kikifungwa, kibodi irudi kwa dirisha lililokizaa, la sivyo iende kwa lile lililotumika kabla yake. Kwa wanaofuata mausi, mtu amefunga dirisha kwa kibodi na mausi imeangukia juu ya jingine ambalo hakulikusudia. Apewe lipi? Ukifuata mausi, atashangaa. Ukifuata lililotumika kabla, mausi ikitikisika kidogo kibodi inahama tena. Kila msimamizi amechagua lake, na sijaona jibu linaloridhisha wote.

#13 Chimwaga_04

Nimejifunza mengi. Sasa swali la Wayland, ule mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, maana Linux ya Ubuntu niliyoweka inakuja nayo. `wmctrl` yangu, amri ya kuyaongoza madirisha, haiamshi tena dirisha lolote la Wayland. Ni hitilafu au wamefanya makusudi?

#14 NzuguniDev

Makusudi. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, haina kabisa wito wa programu kujitwalia fokasi. Programu haijui hata madirisha ya wengine yako wapi, wala haiwezi kusikiliza herufi zinazokwenda kwa mwingine. Kwenye X, programu yoyote iliyounganishwa na seva inaweza kusikiliza kibodi yote. Lile neno la siri la mteja wa Fundi lingeweza kusomwa hata bila dirisha kuonekana.

Ugumu ulikuwa kwenye yale maombi halali, kama kiungo cha Zabibu. Kwa miaka hapakuwa na njia ya pamoja, mpaka 2021 ilipokuja itifaki ya `xdg-activation`. Programu ya barua pepe, ikishabofywa, inamwendea msimamizi na namba ya tukio la kubofya na kuomba tokeni. Tokeni ni maneno tu yasiyo na maana kwa mwingine. Inaipitisha kwa kivinjari, kwa mfano kupitia `XDG_ACTIVATION_TOKEN`, na kivinjari kinairudisha kwa msimamizi kikisema "liamshe dirisha hili, tokeni hii hapa". Msimamizi anajua aliitoa lini, kwa nani, kwa tukio gani. Akiridhika analeta dirisha mbele. Asiporidhika anakuonyesha tu kwamba kuna anayekuhitaji.

Tofauti na X ni kwamba hapa huwezi kujiandikia namba 2. Ushahidi anautoa msimamizi mwenyewe na anarudishiwa mwenyewe. Ila programu isiyojua kupitisha tokeni itabaki nyuma, na Zabibu ataendelea kuona ile taarifa ya "tayari" mpaka waandishi wake waisasishe.

#15 Zabibu_Nyekundu

Basi nimekuelewa, mkuu. Nimesasisha kivinjari na programu ya barua pepe, viungo sasa vinakuja mbele, na kinga nimeiacha iwake. Ila programu moja ya kusomea faili za PDF bado ni kaidi, hiyo nitawaandikia wenyewe.

#16 DadaChapa_Nkuhungu

Kaka Fundi, naleta mrejesho. Windows ilikuwa `0x0` kweli, nimerudisha, na ujumbe wa printa nimeuzima. Imetulia.

Ile ya Xfce nimewasha kinga ila bado kuna kitu kinadandia, na kinakuja nikiwa nachapa kwa kasi. Kinaonekana na kupotea, sijui hata jina lake.

#17 FundiMakole

Tumtege, dada. Fungua teminali, iache pembeni, andika:

`xprop -spy -root _NET_ACTIVE_WINDOW`

Kila dirisha hai likibadilika utaongezeka mstari mpya wenye namba. Endelea na kazi. Akidandia, chukua namba yake kabla hajafungwa na uulize:

`xprop -id NAMBA WM_CLASS _NET_WM_USER_TIME _NET_WM_USER_TIME_WINDOW`

Nimeweka hiyo ya mwisho kwa sababu programu zilizojengwa kwa GTK, maktaba ya kuundia madirisha, zinauweka muda kwenye kidirisha kingine kilichofichwa, usije ukadhani hazina.

#18 DadaChapa_Nkuhungu

Nimemkamata. Ni kijiprogramu cha kuhesabu kopi tulichoandikiwa na kijana mmoja, kinachotokea kila mashine ikimaliza fungu la karatasi. Nimempigia, amenitumia kipande hiki, anasema ni Python na GTK 3:

`dirisha.show_all()`
`dirisha.present()`

#19 FundiMakole

Huyo `present()` ndiye anayesema "nilete mbele sasa", tena bila kupewa muda wa tukio lolote la mtumiaji, kwa sababu aliyekizindua ni mashine ya kopi, siyo wewe. Mwambie aondoe mstari huo, kabla ya `show_all()` aweke:

`dirisha.set_focus_on_map(False)`

na baada yake:

`dirisha.set_urgency_hint(True)`

Wa kwanza unazuia kupewa kibodi linapofunguka, wa pili unafanya jina lake lionyeshe kwenye mstari wa chini kwamba lina ujumbe. Kama ana toleo la Qt, maktaba nyingine ya kazi hiyohiyo, ni `WA_ShowWithoutActivating`. Na la Windows, `SW_SHOWNOACTIVATE`.

#20 DadaChapa_Nkuhungu

Amebadilisha jioni hii, ametuma upya. Nimechapa barua mbili huku mashine ya kopi inatoa makaratasi, kihesabu kinawaka chini na herufi zote ziko kwenye barua. Kaka Fundi, dukani kwa jirani hapa Nkuhungu wana kihesabu hichohicho, nimewapa namba ya kijana na hiyo mistari miwili.